Mlango Aliofunga Wembe

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, fundi mkuu wa studio yetu ya kurekodi, ambaye jengo zima la redio linamwita Wembe, atakabidhi funguo na kwenda nyumbani baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita. Mhariri wa jarida hili la wafanyakazi aliniomba niandike wasifu mchangamfu, wa kumfurahisha mstaafu na kuwachekesha wageni watakaokuja kumuaga. Nimefanya kazi chini yake tangu nilipoajiriwa, kiti changu kikiwa kushoto kwa kiti chake, kwa hiyo nilikubali kabla hajamaliza kuniomba. Kuchekesha nitajaribu. Kukinishinda, mhariri anajua pa kunipata.

Wembe aliingia redioni akiwa kijana mwembamba, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kukunja nyaya na kufagia vipande vya utepe chini ya meza. Siku hizo sauti zilirekodiwa kwenye utepe. Mtu akikohoa katikati ya hotuba, fundi alichukua wembe, akakata kile kikohozi, akaunganisha ncha mbili kwa gundi. Wengi walikata ukasikia kabisa kwamba hapa pamekatwa. Yeye alikata ukarudia kusikiliza mpaka ukachoka, usijue palipopita wembe. Ndipo jina likamshika, na jina la nyumbani likabaki kwenye karatasi za mshahara tu.

Wote waliowahi kurekodi kwake wanazikumbuka sheria zake mbili. Ya kwanza ilikuwa viatu. Sakafu ya studio ni ya mbao na inalia, kwa hiyo kila anayeingia anavua viatu na kuviweka kwenye rafu ndogo iliyo ndani, karibu na mlango. Haijalishi wewe ni nani. Ofisa mmoja mkubwa alikuja kurekodi hotuba, akavua viatu, na kidole gumba kikachungulia kwenye tundu la soksi. Chumba kizima tukawa tunaangalia dari. Wembe alivua soksi zake mwenyewe akampa, akafanya kazi siku nzima miguu mitupu. Yule mkubwa hakusahau, na kwa miaka mingi kila ukifika mwisho wa mwaka ilikuja bahasha ya salamu na jozi ya soksi.

Sheria ya pili ilikuwa taa. Juu ya mlango wa studio, upande wa nje, kuna taa nyekundu. Ikiwaka, mlango umefungwa na haufunguliwi kwa mtu yeyote. Mkurugenzi wetu wa zamani aliwahi kusimama ukumbini na wageni wake mpaka miguu ikamfa ganzi, akigonga kwa adabu, kisha bila adabu. Alipofunguliwa alikuwa amefura. Wembe alimwambia, "Samahani bosi. Ungeingia, sasa hivi ungekuwa ndani ya wimbo."

Wasikilizaji wanamjua zaidi kwa kile kipindi chake cha Jumamosi mchana, kilichokuwa kikieleza maana za nyimbo zinazopendwa. Watu walipiga simu kuuliza wimbo fulani unamsema nani, naye alimtafuta mtunzi, akamleta studioni, akamvua viatu, akamuuliza. Majibu yalikuwa ya kuvunja mbavu. Kuna wimbo mtamu unaopigwa karibu kila harusi, mwanamume anaapa kwamba mpenzi wake hatamwazima mtu hata siku moja. Mtunzi wake alikuja akasema alimwimbia baiskeli. Alikuwa na jirani aliyependa kuazima. Simu ya kwanza ilitoka kwa bibi harusi wa wiki iliyotangulia.

"Kwa hiyo mimi nimeingia ukumbini kwa wimbo wa baiskeli?"

"Ndiyo, mama," Wembe alimjibu. "Lakini aliipenda kweli."

Wimbo mwingine ni ule wa paa linalovuja. Mji mzima uliapa kwamba ni wa siasa, paa ni serikali na ndoo ni wananchi. Mtunzi alikuja na fundi seremala aliyeliziba lile paa, na seremala akaeleza hewani misumari ilivyokuwa imeoza. Tulicheka sana siku ile. Kisha simu zikaanza kuingia, na kila aliyepiga alisema jambo moja: masikini mtunzi, wamemtisha, ona wamempa na seremala wa uongo. Wembe aliweka mkono kwenye kipaza sauti akanigeukia. "Umeona?" akaniambia. "Hapo tumewathibitishia."

Ningependa kuishia kwenye baiskeli na paa. Ningepata wasifu mzuri wa ukurasa mmoja, tukapiga makofi, tukala keki. Lakini kipindi kile hakikuanzishwa kwa ajili ya baiskeli, na sisi tuliokaa naye chumba kimoja tunajua kilianzishwa kwa ajili ya wimbo gani.

"Umefunga Mlango" mnaujua. Asiyeujua kwa hiari anaujua kwa simu ya jirani yake inavyolia. Mtu amefungiwa nje. Viatu vyake viko ndani. Taa nyekundu inawaka juu ya mlango, anagonga, na aliyemo ndani anamsikia lakini hafungui. Mwimbaji alikuwa mume wa dada yake Wembe, dada mkubwa, kwa hiyo jengo zima lilimwita Shemeji, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini. Alikuwa mtu wa vituko, mwenye sauti ya kukaa kifuani. Alifariki mwezi uleule wimbo ulipotoka.

Hadithi mnayoijua mtaani ni hii. Kwamba mkewe alikuwa na mwanamume mwingine. Kwamba taa nyekundu ni ya baa walipokuwa wakikutana, au ni damu, inategemea nani anasimulia. Kwamba viatu vilivyo ndani si vyake, ni vya yule mwingine, ila aliona haya kusema. Kwamba mke alimfungia nje akafa mlangoni akigonga, na kwamba mume alikuwa ameshayaona yote hayo akaimba mapema ili tumjue muuaji. Nimesikia hata walimu wakiwaeleza wanafunzi hivyo, sehemu kwa sehemu, na wanafunzi wakiandika.

Sasa nitaeleza ilivyokuwa, ingawa sina tumaini kwamba itasaidia. Siku ya kurekodi, dada alikuja studioni na chupa ya chai. Alikaa kwenye kona, karibu na rafu ya viatu. Shemeji akatoka miguu mitupu kwenda kusuuza vikombe bombani. Wembe, ambaye alitaka kurekodi gitaa peke yake, hakugeuka kuangalia nani yuko ndani na nani yuko nje. Aliwasha taa nyekundu, akafunga mlango. Shemeji aliporudi akagonga. Dada akacheka akasema, "Mfungulie mume wangu, wewe." Wembe akajibu, "Akae hukohuko mpaka gitaa liishe." Shemeji akakaa hukohuko, na vikombe vyake mikononi, na alipofunguliwa aliingia akiimba kumsuta shemeji yake: umefunga mlango, viatu vyangu viko ndani. Mpiga gitaa akamfuata. Kabla jioni haijaingia wimbo ulikuwa umekamilika.

Basi. Hakuna baa, hakuna damu, hakuna mwanamume mwingine. Mkatili wa kwenye wimbo ule ni fundi mitambo aliyekuwa akifanya kazi yake. Viatu ni viatu, vilikuwa vya kahawia. Taa ipo mpaka leo, nendeni mkaiangalie.

Na utepe ulikuwa ukizunguka muda wote. Mazungumzo yale yote yaliingia, kugonga, kicheko, na sauti ya dada akiomba mumewe afunguliwe. Baadaye Wembe alikaa mezani kuusafisha wimbo. Kwa mafundi wa wakati ule utepe ulianza pale wimbo unapoanza, na maneno yaliyotangulia yalikuwa uchafu. Akachukua wembe, akayakata. Aliniambia kwamba ulikuwa mkato safi kuliko yote aliyowahi kukata, na kwamba aliufurahia. Kipande kilidondoka chini ya meza, na kijana wa kufagia akakifagia.

Wiki chache baadaye Shemeji aliamka asubuhi kifua kikimbana, akatoka kukaa kwenye ngazi za nyumba apate hewa. Kulikuwa na upepo, na mlango aliurudisha nyuma yake mwenyewe, bila hata komeo. Dada alipoamka alimkuta pale ngazini. Majirani walikuja, wakamwona marehemu nje na mlango umerudishwa. Siku hiyohiyo mtangazaji wetu mmoja, mtu mwema ambaye naye ameshatangulia, aliupiga wimbo hewani akasema kwa sauti ya majonzi, "Ni kana kwamba alijua." Alitaka kusema neno zuri tu. Maneno manne hayo yalitosha.

Wembe aliamini kwamba ukweli ni kazi ya wiki moja. Alikwenda hewani akaeleza mwanzo hadi mwisho, akasema waziwazi, "Aliyefunga mlango ni mimi." Nilikuwa mgeni kazini wakati huo na nilikuwa napokea simu. Mama mmoja alikuwa analia. Akasema, "Mwambieni tumemsamehe. Ndugu mwema huyo, anajitwisha lawama za dada yake." Waliofuata wote walisema vivyo hivyo. Kufikia jioni habari mpya ilikuwa mtaani, kwamba hata kaka yake wa damu anajua alichofanya na anajaribu kumficha. Wimbo ukaombwa mara nyingi zaidi.

Akamtafuta mpiga gitaa, ambaye ndiye shahidi pekee aliyebaki. Wakati huo mpiga gitaa alikuwa ameshaanza kuitwa huku na huku kusimulia jinsi mwimbaji alivyorekodi wimbo huku machozi yakimtoka. Walikutana kwenye kibanda cha chai nyuma ya jengo letu, nami nilikuwepo. Wembe alimwomba aseme alichokiona, basi. Yule bwana alikoroga chai yake. "Kaka," akasema, "nikisema ni mlango wa studio, nani ataniita tena kwenye kipindi? Watu hawaji kusikiliza habari za vikombe." Hakuwa mtu mbaya. Alilipia chai zetu zote.

Kile kipindi cha Jumamosi kilitokana na hapo. Wembe alifikiri kwamba akiwazoesha watu kidogo kidogo, leo baiskeli, kesho paa, watafika mahali waamini kwamba wimbo unaweza kuwa na maana ya kawaida, ndipo atawarudishia mlango. Miaka ilikwenda. Walicheka na baiskeli na bado waliitumia harusini. Kila alipourudia mlango walimpenda yeye zaidi na kumchukia dada yake zaidi. Barua za mashabiki zilimwita kaka wa mfano, na alizitupa zote bila kumaliza kuzisoma.

Huku nje dada yake alikuwa mshonaji, na mkono wake ulisifika. Nguo za harusi ndizo zilizokatika kwanza. Hakuna aliyemtukana, ila mabibi harusi walipitiliza dirishani kwake wakaenda kwa mwingine, maana nani anataka gauni lililoshonwa na mke wa namna ile. Zikabaki sare za shule na mapazia, kisha zipu za kubadilisha. Watoto walikuwa wanapita getini wakiimba kwa utamu kabisa, wala hawakuwa na nia mbaya, wimbo ni mzuri na watoto wanapenda nyimbo. Ndugu wa mumewe walimtaka aondoke kwenye nyumba, akaondoka na cherehani yake. Alihama mtaa, akahama tena. Alikofika, wimbo ulikuwa umeshatangulia.

Mara moja nilimuuliza Wembe kwa nini haachi. Alikuwa anafuta vumbi kwenye mitambo, maana aliendelea kuifuta hata baada ya kuletwa kompyuta na mitambo ile kubaki pambo. Alisema, "Nimesafisha sauti za watu maisha yangu yote. Niliyopaswa kuiacha na uchafu wake ni moja tu." Akarudi kufuta vumbi.

Nimeambiwa nitaje mafanikio. Alifundisha mafundi wote mnaowaona kwenye chumba chetu, na baadhi wamekwenda kuongoza studio kubwa kuliko yetu. Alirekodi bendi ambazo bila yeye zisingebaki hata kwenye kumbukumbu za watoto wa wapiga ngoma wa bendi hizo. Mwaka paa letu wenyewe lilipovuja, alirekodi mchezo wa redio ndoo zikiwa kati ya waigizaji, na akaandika kwenye ratiba kwamba mvua ni sehemu ya mchezo. Hakuwahi kuchelewa. Hakuwahi kumfokea mtu mbele ya mgeni. Ni mafanikio makubwa, na nimeyaandika yote kwa moyo mweupe. Lakini jambo alilolitaka kweli hakulipata, na sioni sababu ya kumpaka mafuta mtu siku anayoondoka. Alipambana na uongo mmoja miaka yote hiyo, akiwa na redio nzima mkononi, na uongo ukamshinda. Inaniuma, na inanikatisha tamaa na kazi hii yetu ya kusema na watu.

Mwezi uliopita nilikwenda kwao alasiri moja kumpelekea fomu za mafao atie saini. Tangu mwaka jana anaishi na dada yake, kwa kuwa dada ameanza kusahau. Nilimkuta bibi wa umbo dogo, safi, amekaa karibu na dirisha, cherehani imefunikwa kitambaa. Tukiwa tunakunywa chai, nyumba ya pili wakafungua redio, na wimbo ukawa ndio ule. Redio yenyewe ilikuwa yetu. Wembe aliinuka kufunga dirisha lakini alichelewa. Dada aliweka kikombe chini.

"Mdogo wangu," akasema, "hivi kwa nini nilimfungia mume wangu?"

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Watu wamemweleza kwa miaka mingi kiasi hicho mpaka yeye mwenyewe, sasa alipobaki na kumbukumbu chache, amechukua ya kwao. Hata yeye wamempata.

Wembe alikaa mbele yake, wakagusana magoti. Alimwambia taratibu, kama anayesoma taarifa ya habari, "Hukumfungia, dada. Nilimfungia mimi, studioni, nikirekodi gitaa. Wewe ulikuwa umekaa karibu na viatu. Ulisema, mfungulie mume wangu."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Na ulicheka."

Uso wa yule mama ulifunguka. Alichukua kikombe chake akasema, "Ah. Basi vizuri." Alikunywa chai kwa raha, akaniuliza kama nimeolewa, akanilaumu kidogo kwa jibu langu. Kabla chai haijaisha aliweka tena kikombe chini, akamgeukia Wembe na macho yaleyale ya mwanzo. "Mdogo wangu, hivi kwa nini nilimfungia mume wangu?" Naye akaanza upya, neno kwa neno, bila kuruka hata moja. Aliponisindikiza getini alisema huwa ni hivyo kutwa, na kwamba dada ndiye msikilizaji pekee aliyewahi kumwamini.

Kuhusu sherehe. Rasimu ya kwanza ya ratiba ilionyesha kwamba mstaafu atatoka ukumbini kwa wimbo wa "Umefunga Mlango". Nilikwenda ofisi ya utumishi kuuliza nani ameuchagua. Ofisa wa pale alinishangaa kwa nia njema kabisa. "Si ndio wimbo wake?" akasema. "Si wa yule mwanamke aliyemuua mumewe?" Nilimweleza mlango, viatu, vikombe, taa. Alisikiliza kwa upole, akafuta jina la wimbo kwenye ratiba, akanisogezea kiti. "Pole dada," akaniambia. "Najua ni familia yake, lazima mumfichie."

Kwa hiyo atatoka kwa wimbo wa baiskeli. Dada yake atakuwepo, safu ya mbele, amevaa gauni aliloshona mwenyewe zamani. Wenzangu, nawaomba kitu kimoja tu. Zimeni simu zenu, msije mkapigiwa ukalia wimbo ule mbele yake. Na ukumbi wa sherehe ni studio ileile, kwa hiyo vueni viatu, viwekeni kwenye rafu.

Kaka Wembe, asante kwa mikono yako, kwa soksi zako, na kwa kutufundisha kusikiliza kabla ya kukata. Hatukuweza kukusaidia pale ulipotuhitaji zaidi, na wengi wetu hatukuamini hata ulipotuambia wewe mwenyewe. Tunakutakia mapumziko mema na miaka ya utulivu, wewe na dada. Kipindi chako cha hewani kimekwisha, hicho kingine kinaendelea. Akikuuliza tena leo jioni, mjibu tena.